"Nyayo za kulimia": yule mwalimu wa baleti leo amevuka mpaka

MamaTaji
Jameni, nimeshuka matatu sasa hivi, mikono inatetemeka, mnisamehe makosa ya kuandika. Ni yule mwalimu. Simtaji. Mzazi yeyote wa Nairobi aliyewahi kununua taiti za waridi anamjua, yule wa skafu na kikombe cha tangawizi kisichoisha tangu tupate uhuru. Leo pale mlangoni, mbele ya wazazi wote, yaya wa watu na askari wa geti, ameuelekezea mguu wa binti yangu biro akasema: "Huyu mtihani hafanyi muhula huu. Tazameni wenyewe. Hizi ni nyayo za kulimia."

Nyayo za kulimia! Mtoto wa miaka minane! Tena alisema "tazameni", na watu wakatazama kweli!

Huyu mtoto anapiga mswaki amesimama nafasi ya kwanza, visigino vimebanana. Anashuka plie, magoti yamekunjwa kwenda nje, akingoja ugali uive. Jirani wa chini amemaliza mifagio yote ya Kenya kwa kugonga dari. Mimi nimezunguka Biashara Street yote kutafuta uzi wa waridi wa kushonea lastiki kwenye viatu, na nywele nimezibana kwa pini mpaka mtoto anafumba macho kwa shida. Halafu nyayo za kulimia.

Na ni Gredi 2! Gredi 2 ni viatu laini, mambo ya kusimamia vidole yako mbali huko. Mtahini wa Royal Academy of Dance, wale wa London wenye mitihani hii, anatoa alama 10 kwa kila sehemu, jumla 100, na 40 ni kupita. Anaangalia mtoto anavyojishika, anavyousikia muziki, anavyocheza kwa raha. Rula ya nyayo haiko kwenye meza yake. Lakini anayesajili ni mwalimu, mzazi huwezi kumpeleka mtoto mwenyewe. Akikataa, basi. Mtahini anakuja kwa ndege, anapiga kengele yake, anarudi kwao, na sisi tunabaki na nyayo zetu.

Kwenye matatu mtoto amevua kiatu, akageuza unyayo, akautazama kutoka Yaya Centre mpaka Kenyatta. Akaniuliza, "Mama, nitalima wapi?"

Kisigino_Juu
Huyohuyo! Wangu aliambiwa ana shingo ya kuazima. Nilimjibu aitaje benki.

JembeNaNyundo
Sijui baleti, nimefuata kichwa cha uzi. Swali moja tu: nani analima kwa nyayo? Kwetu Bungoma tunatumia jembe.

MamaTaji
Kaka, hapa hatuchekeshani. Mtoto amelala na soksi leo ili nisimwone miguu.

BabaWatatu
Mama Taji, pole. Lakini si wewe uliyetuandikia hapa kwamba mtoto ataitwa Royal Ballet, lile kundi kubwa la London, kabla ya kumaliza shule ya msingi? Umeuanza moto wewe mwenyewe. Kunywa maji.

MamaTaji
Nilisema ANA KIPAJI. Na hata angekuwa hana, mtu anamwambia mtoto nyayo za kulimia? Kwa biro? Mbele ya askari wa geti?

MwalimuWaKengele
Mimi nafundisha pia (si mimi yule, msinianze). Ulimi wake ni mbaya, hilo halina mjadala. Upinde wa mguu wa mtoto bado unajijenga miaka hiyo, hakuna wa kuuhukumu mlangoni. Ila kumzuia mtoto mtihani siyo uadui. Anayeanguka pale anabaki na karatasi yenye alama, na alama hazibembelezi. Wengine wanahitaji muhula mmoja zaidi, basi.

Na kwa kuwa mmefungua mdomo, wazazi nao! Mnaleta mtoto wiki mbili kabla ya mtihani, sketi ya karakta, ile ya densi za kienyeji, hana, mnauliza "kwani atapata ile ya juu?" Ile ya juu inaanza alama 75, mama. Mtoto amekosa Jumamosi zote za birthday za binamu zake.

Kisigino_Juu
Binamu wana birthday kila Jumamosi kwani ni kosa letu?

Rangi_Yangu
Nyayo mtazimaliza. Mimi naomba mtu anieleze taiti za waridi. Mtoto wangu ni mweusi wa kung'aa, anavalishwa miguu ya mtu mwingine kuanzia kiunoni kushuka chini. Nikauliza kama anaweza kuvaa za kahawia, yule yule wa skafu akaniambia "mila ni mila". Mila gani! Freed wa London walianza kuuza viatu vya ncha, vile vya kusimamia vidole, vya kahawia na shaba mwaka 2018, wakishirikiana na Ballet Black, kundi la wachezaji weusi na wa Kiasia. Kabla ya hapo wachezaji weusi walikuwa wanavipaka viatu fandesheni, kimoja baada ya kingine. London kwenyewe mila imehama, Nairobi ndiyo imebaki kuilinda.

Kisigino_Juu
Hapo umesema. Wangu nilizichemsha na majani ya chai.

Rangi_Yangu
Zilishika?

Kisigino_Juu
Goti moja lilishika.

BabaKijana
Nyinyi mna wenzenu. Kijana wangu ndiye mvulana peke yake darasani, kila densi ya wawili anapewa wasichana wote kwa zamu. Mtoto anarudi nyumbani mabega yamelegea kama mbeba mizigo wa Gikomba, na pale nje wazazi wananiuliza kama nimejaribu mpira.

MamaTaji
Wazazi wenzangu, tumetoka kwenye mada. NYAYO. ZA. KULIMIA. Kesho naenda kumuuliza uso kwa uso, nani anakuja nami?

BabaWatatu
Kesho nina kazi.

Kisigino_Juu
Ningekuja, ila muhula huu wangu amesajiliwa, nisije nikamharibia. Unanielewa, dada.

PwaniRaha
Nyinyi mna hata mtu wa kumlalamikia. Huku Mombasa niliuliza mtihani wa baleti ofisi moja, nikapewa fomu ya leseni ya udereva.

JembeNaNyundo
Ulifaulu?

PwaniRaha
Kuegesha kulinishinda.

Rangi_Yangu
Dada Kisigino, hayo majani yalikuwa ya pakiti au ya kichujio? Ulitia chumvi? Nasikia chumvi ndiyo inashikisha rangi.

Kisigino_Juu
Ya pakiti. Chumvi sikutia, ndiyo maana goti moja.

BabaKijana
Samahani kuingilia, kuna mwenye viatu vya baleti vya mvulana, vyeusi, namba 34? Vya wangu vidole vimetokeza na mtahini anakuja mwezi ujao.