Kula kwa kiasi kwenye sinia la harusi: baba afanyeje?

Binti wa Langoni
Assalamu alaikum, jamaa zangu. Baba yangu ana kisukari cha aina ya pili, na nyumbani hatuna shida kwa kuwa mama humpakulia wali kiasi na mboga nyingi. Shida huja msimu wa harusi hapa Lamu, wanaume wanapoketi wanne au watano kwenye sinia moja la biriani, mwenyeji akapita akiongeza nyama kabla chakula hakijapungua, na baba, kwa kuona haya kuinuka mapema, akaendelea kula hadi wenzake wamalize. Siku hiyo hushinda bila kula ili abakishe nafasi. Atajipimia vipi chakula kisicho kwenye sahani yake, bila kumvunjia mwenyeji heshima?

Muuguzi mstaafu
Wa alaikumu salaam, mwanangu. Kinachonitia hofu zaidi ni huko kushinda na njaa. Ikiwa baba anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, kuacha kula huku akiendelea na dawa kunaweza kuishusha sukari yake hadi atetemeke, atokwe na jasho, hata azimie. Isitoshe, mwenye njaa kali hula upesi, ilhali mwili huhitaji kama dakika 20 kutambua kwamba umeshiba. Ale asubuhi kama kawaida yake, na halwa ya baada ya chakula aihesabu pia.

Mzee wa Mkomani
Binti yangu, sinia lina mipaka yake. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kula kilicho mbele yetu, kwa hivyo sehemu iliyo mbele ya baba ndiyo sahani yake. Aigawe nusu kwa jicho tangu mwanzo, aanze na kachumbari na nyama, na matonge yawe madogo. Akishatosheka asiinuke, bali awamegee vijana nyama na kuwasogezea; hiyo ni heshima ya mtu mzima, na hakuna mwenyeji atakayemuuliza kwa nini hali.

Mpishi wa shughuli
Nakubaliana na mzee, ila si haki kumwachia mgeni mgonjwa mzigo wote. Wenye harusi hutuagiza tujaze sinia hadi wali uporomoke, wakiogopa kuitwa wachoyo. Mimi huwashauri tupakue kiasi, tuzidishe kachumbari, kisha tuongeze chakula kinapoombwa, kwa maana wali uliobaki sufuriani hupelekwa kwa majirani ukiwa safi, lakini ulioguswa na mikono ya watu watano hauna wa kupewa.

Muuguzi mstaafu
Mpishi amesema kweli. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, uliokusanya tafiti 72, ulionyesha kwamba watu hula zaidi wanapowekewa chakula kingi au vyombo vikubwa.

Binti wa Langoni
Ahsanteni sana. Kesho nitampeleka baba kwa daktari wake tuulize kuhusu vidonge vyake, na harusi ya binamu yangu ikikaribia nitazungumza na shangazi juu ya upakuaji kabla hajaagiza mchele.