Mjadala: Je, makabaila wa Poland ndio walioiua nchi yao?

Mchambuzi Huru: Poland na Lithuania ziliungana Lublin mwaka 1569, zikawa moja ya dola kubwa kabisa za Ulaya. Kufika 1795 Urusi, Prussia na Austria zimeshagawana kila kipande. Mimi nawalaumu szlachta, yaani makabaila wao. Mbunge mmoja akisema hakubali, kikao kinavunjika na maazimio yote yanakufa. Mbunge Siciński alifanya hivyo 1652, wengine wakafuata. Nchi gani ingepona?

Kasuku wa Pangani: Mkuu, hao unaowatukana walikuwa wanachagua mfalme wao wakati Wafaransa wanarithishana kiti kama shamba la minazi. Tena mfalme alikula kiapo, na akikivunja wana haki ya kumkataa. Karne ya 16 hiyo! Wape heshima yao.

Binti Makame: Waliochagua ni akina nani? Labda mtu mmoja katika kumi. Wakulima walifungwa kwenye ardhi ya bwana, wakipigishwa shokoa kila wiki, kuhama mpaka ruhusa. Mababu zangu walilimishwa mikarafuu ya watu. Usiniambie habari za heshima.

Kasuku wa Pangani: Dada, usinilishe maneno. Shokoa sijaitetea popote. Urusi nako wakulima walifungwa, na kura hawakuwa nayo hata hao wakubwa.

Fundi Saa: Na hao wafalme wa kuchaguliwa mnawajua? Henri de Valois alitawazwa Kraków 1574. Kaka yake akafa Ufaransa, jamaa akatoroka usiku mwaka huohuo akashike kiti cha kwao.

Kasuku wa Pangani: Mnaokota mabaya tu. Sobieski naye hakuchaguliwa? Ndiye mfalme aliyeiokoa Vienna, mji mkuu wa Austria, mikononi mwa Waturuki 1683.

Mwinyi Kheri: Hapo umenigusa. Aliiokoa kutoka kwa nani? Kwa Waislamu, si ndiyo? Wengine humu ushindi ule hatuushangilii.

Kasuku wa Pangani: Shehe, jeshi la Sobieski lilikuwa na Watatari Waislamu. Mwaka 1679 aliwapa ardhi katika vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki, na misikiti yao ya mbao ipo hadi leo. Ile haikuwa vita ya dini peke yake.

Mwinyi Kheri: Kupewa ardhi si hoja. Askari analipwa popote. Na hiyo Austria waliyoifia ililipa nini? Mwaka 1772 ilikuwa mezani na wenzake, inakata Poland.

Fundi Saa: Hilo la 1772 ni kweli tupu, na linauma.

Mchambuzi Huru: Jamani, Vienna imetoka wapi? Nimeuliza kuhusu makabaila. Katiba ya tarehe 3 Mei 1791 ilishaifuta ile kura ya mtu mmoja. Walioikataa ni vigogo wa Targowica, kundi la makabaila waliojiunga kuipinga, 1792, wakamwita Malkia Catherine wa Urusi alete majeshi kwa jina la uhuru wao. Mwaka uliofuata nchi ikakatwa tena. Nani amebisha hapo?

Binti Makame: Mimi nabisha. Katiba hiyo unayoisifu iliwaahidi wakulima ulinzi wa sheria, shokoa ikabaki palepale. Mkulima angeifia nchi hiyo kwa lipi?

Mwinyi Kheri: Kasuku, la Austria hujanijibu.