Naombeni ushauri: nimeona taa nisizozielewa angani nikiwa kazini, niripoti au ninyamaze?

Rubani_Kulia
Habari za leo wakuu. Mimi ni dada, rubani msaidizi, huu ni mwaka wangu wa pili kwenye ndege za mizigo.

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka Nairobi kwenda Ghuba. Saa 9 usiku kwa saa za nyumbani, Somalia tumeshaiacha, chini ni bahari tupu. Upande wangu, kulia, juu kidogo ya upeo wa macho, ikawaka taa nyeupe. Ikakua mpaka ikazishinda nyota zote, ikakaa kama sekunde tano, ikafifia. Haijazimika vizuri ikawaka ya pili pembeni yake, kisha ya tatu, ukiangalia ni kama zinazungukana. Skrini ya ndege jirani haikuonyesha kitu. Nikapunguza mwanga wa ndani, nikaziba kioo kwa viganja nisije nikawa naona mng'ao wetu wenyewe. Bado zipo. Dakika 20 nzima, chai imepoa mkononi.

Kapteni aliinama upande wangu, akaziona. Akaniambia, "Mwanangu, hayo usiyaandike. Utapelekwa kwa daktari wa akili." Ni mtu ninayemheshimu sana, kanifundisha mengi. Lakini ripoti ya safari niliijaza bila neno hata moja kuhusu zile taa, na hilo ndilo linaninyima usingizi kuliko taa zenyewe. Niripoti sasa, au ndiyo imeshapita?

MlaJasho
Pole dada. Nyamaza. Kapteni Kenju Terauchi wa Japan Airlines aliripoti vitu vikimfuata Alaska, Novemba 1986, yuko na Boeing 747 ya mizigo kama wewe. Alipoongea na waandishi wa habari akatolewa angani, akawekwa mezani. Leseni yako imekugharimu fedha nyingi mno.

MnaraMstaafu
Binti, nimeongoza ndege miaka 22, nisikilize mimi. Terauchi alipowaambia waongoza ndege wa Anchorage alikuwa sahihi kabisa, na walimhudumia. Mamlaka ya anga ya Marekani ilichunguza, na mwaka 1987 ikasema alama ya pili kwenye rada ilikuwa mwangwi wa ndege yake mwenyewe. Yaliyomponza ni magazeti. Usichanganye mambo mawili: kutangaza na kuripoti.

Tarehe 21 Februari 2021, rubani wa American Airlines akiwa juu ya New Mexico aliuliza redioni kama kuna ndege nyingine maeneo yale, maana kitu kirefu kama silinda, kama kombora, kimewapita kwa juu. Basi. Alisema umbo na mahali, hakusema kimetoka sayari gani. Mwongoza ndege anachotaka kujua ni kimoja: kuna kitu kwenye njia ya ndege au hakuna? Ukinyamaza wewe, ndege inayokuja nyuma yako inakuja bila habari.

NyotaZaLamu
Dada, saa 9 usiku, upande wa mashariki, zinawaka na kufifia sehemu ileile moja baada ya nyingine? Mimi naona ni Starlink, zile setilaiti za intaneti. Ziko mamia ya kilomita juu. Jua bado liko chini kabisa ya upeo, lakini kule juu linazipiga kwa chini, na matumbo yake bapa yanarudisha mwanga kama kioo. Kila moja ikifika pembe ileile inawaka, ikipita inakuja nyingine, ndiyo maana ukaona kama zinazungukana. Tangu 2022 marubani wengi wanaovuka Pasifiki usiku wameripoti kitu hichohicho. Walioandika saa na upande ndio waliowezesha fumbo kufumbuliwa. Wangenyamaza, tungekuwa bado tunabishana.

MzeeWaVoi
Hata kwetu haya si mapya. Februari 1951, Kapteni Jack Bicknell wa East African Airways, Nairobi kwenda Mombasa, aliona na abiria wake kitu kinang'aa juu ya Kilimanjaro asubuhi kweupe. Alikisema hadharani. Miaka imepita zaidi ya 70 na bado tunaweza kulipima neno lake, kwa sababu alilisema.

MnaraMstaafu
Tumia ripoti ya usalama ya siri kama kampuni yenu inayo. Saa ya Greenwich, kimo, uelekeo wa ndege. Juu ya upeo pima kwa ngumi, mkono ukiwa umenyooka: ngumi moja ni kama digrii 10. Neno "UFO", yaani kitu cha angani kisichotambulika, usiliweke. Na mwambie kapteni kabla hujatuma, asije akalisikia kwa watu.

Rubani_Kulia
Shikamoo mzee. Asanteni wote, na wewe NyotaZaLamu, nimelala jana kwa mara ya kwanza.

Nimeandika. Saa 00:04 ya Greenwich, nusu ngumi juu ya upeo. Jioni hii nimempigia kapteni nikamsomea yote. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Ongeza kwamba ile ya tatu iliwaka chini ya zile mbili. Hiyo hukuiona vizuri, mimi niliiona. Weka na jina langu."

MnaraMstaafu
Marahaba binti. Itume usiku huuhuu.