Tupeane uzoefu: Unapenda vya kunona na vitamu, na mazoezi hujaacha. Unafanyaje?

Wakuu, habari za jioni.

Naanza mwenyewe ili asiwepo wa kuona aibu. Napenda keki. Ile ya chokoleti yenye krimu katikati, ukiikata kisu kinatoka kimepakaa mpaka mpini. Na nakimbia, mara tatu au nne kwa wiki, huu mwaka wa sita.

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nakimbia kulipa deni. Nikila kipande jioni, alfajiri niko barabarani kukifuta. Hesabu nilikuwa nayo kichwani: mkimbiaji hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Mimi nina kilo 72, kipande nilikikadiria kalori 400, basi kilomita tano na nusu, upende usipende. Siku moja goti lilikuwa limeanza kuvimba na mvua inanyesha. Kilomita ya nne nikakaa chini pembeni ya barabara, nimelishika goti, naitukana keki. Keki! Ilikuwa imenikosea nini? Wiki tano sikukimbia.

Tangu hapo keki naila Jumamosi, mezani, kwenye sahani, taratibu. Na kukimbia nakimbia kwa sababu napenda kukimbia. Siku hizi hivi vitu viwili havidaiani.

Nyie je? Leteni visa vyenu, nadharia za jimu tunazo za kutosha.

#2
Mkuu, umenigusa penyewe. Mimi ni chipsi, zile za pembeni zilizokauka ndizo nazitafuta kwanza. Nilikuwa napanda mzani kila asubuhi kama naenda kuripoti. Jumapili moja nikala sahani kubwa, Jumatatu mzani ukaniambia nimeongezeka kilo moja na nusu. Nikashinda njaa siku nzima, jioni nikaenda mazoezini hivyo hivyo. Nikaona nyota, nikakalishwa kwenye benchi na kupewa maji kama mtoto.

Aliyenielewesha ni shemeji yangu, muuguzi. Akaniuliza: kilo nzima ya mafuta mwilini inataka ziada ya kalori 7,000 na zaidi, wewe ulikula magunia mangapi? Kumbe yalikuwa maji. Chumvi huyashika mwilini, na ule wanga unaohifadhiwa kwenye misuli, kila gramu yake hukaa na karibu gramu tatu za maji. Baada ya siku tatu yote yalikuwa yameondoka. Sasa mzani uko chini ya kitanda, na vumbi lake.

#3
Usain Bolt mwenyewe amesimulia kwamba kule Beijing mwaka 2008 alikuwa anashindia vipande vya kuku wa kukaanga, kwa sababu chakula kingine hakikumkaa. Akatoka na dhahabu, mita 100 kwa sekunde 9.69. Halafu mimi nikatazwe kuku?

#4
#3, mwenzio alikuwa anakula kuku wa Bolt na kufanya mazoezi ya Bolt. Wewe unakula kuku wa Bolt na kufanya mazoezi ya rimoti.

#3
Hahaha, nimekoma. Lakini kazini naenda kwa miguu, dakika 25 kwenda, 25 kurudi, siku tano za wiki. Hizo haziandikwi?

#4
Hizo ni dakika 250. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Kama unatembea kwa kasi na si kwa kuchati, umo. Endelea na kuku wako.

#5
Langu fupi: MSILE KABLA. Nilikula piza ya jibini tele, nusu saa baadaye nikaingia uwanjani. Vyakula vya mafuta hukawia sana tumboni, na yangu ilikuwa bado ipo yote. Dakika ya kumi kichomi ubavuni, dakika ya kumi na mbili niko nyuma ya goli nimeinama, kipa wa timu pinzani ananipigapiga mgongo. Siku hizi piza ni baada ya mechi.

#6
Nasema kwa upole maana wengi hapa mna afya njema. Mimi nina kisukari aina ya pili, kwa hiyo habari ya "kula tu, furahia" kwangu haiendi hivyo. Lakini sikuacha kila kitu. Nilikaa nikajiuliza: katika vyote hivi, kipi nakifurahia kweli? Nikagundua soda sijawahi kuifurahia. Nilikuwa nainywa huku naangalia kitu kingine, namaliza bila kujua. Mililita 330 zina kama gramu 35 za sukari, na kwa mtu wa kalori 2,000 kwa siku, gramu 50 ndiyo mpaka. Theluthi mbili zinaishia kwenye kitu ambacho hata sikionji! Niliiacha na sijaikumbuka.

Keki nimebaki nayo. Kipande kidogo, baada ya mlo, halafu naondoka kutembea dakika 15. Misuli ikifanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu, na hilo nimeliona mwenyewe kwenye kipimo changu, sijahadithiwa. Ila mwenye kutumia insulini asiniige, azungumze kwanza na daktari wake.

#7
Sijawahi kumwambia mtu hili. Chokoleti nilikuwa naificha kwenye droo ya soksi. Nyumbani wote wananijua mimi ni mtu wa mazoezi, wa saladi, wa kuwashauri wenzangu. Usiku nafungua droo polepole isilie, nakula gramu 100 zote nimesimama, gizani, na sikumbuki hata ladha. Mwezi uliopita niliiweka mezani, karatasi wazi. Mume wangu akavunja kipande, akasema "kumbe tunayo hii?" Basi. Hakuna aliyeshangaa. Kuna siku nakula vipande viwili naacha, kuna siku naimaliza, lakini nimekaa, taa inawaka.

Mleta mada
Dada #7, hiyo droo ya soksi imenifanya nicheke na kunyamaza hapo hapo. Asante kwa kusema.

#6, hilo swali lako la "kipi nakifurahia kweli" naliiba. Nimeanza na biskuti za ofisini, zimeshindwa mtihani leo leo.

#2
Goti vipi lakini?

Mleta mada
Limepona mkuu, kilomita sita leo bila kilio. Na kesho ni Jumamosi.