Programu zilizokuja na simu ya zamani: je, zinaweza kuondolewa?

Swali

Habari zenu ndugu. Ninatumia simu janja ya Android yenye hifadhi ya gigabaiti 8, ambayo zaidi ya nusu imechukuliwa na mfumo wenyewe, na sasa kila ninapotaka kupokea picha au kusasisha programu ya benki ninaambiwa kwamba nafasi haitoshi. Nimefuta picha, nyimbo na jumbe za zamani, lakini baada ya siku chache tatizo hurudi palepale. Kinachoniumiza ni kwamba simu hii ilikuja na michezo mitatu, kivinjari cha pili na programu ya habari, ambavyo sijawahi kuvifungua hata mara moja, na nikiingia kwenye mipangilio sioni kitufe cha kuviondoa. Ile ya habari hunitumia arifa usiku kucha. Je, kuna njia salama ya kuachana navyo bila kuiharibu simu, ambayo ndiyo pekee niliyo nayo?

Jibu la kwanza

Pole, ndugu. Programu hizo ziliwekwa kiwandani katika sehemu ya mfumo, ambayo mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kufuta chochote ndani yake; ndiyo maana kitufe cha kuondoa hukioni. Hata hivyo, tangu toleo la 4.0 lililotoka mwaka 2011, Android inakuruhusu kuzima nyingi kati yake. Programu ikizimwa hutoweka kwenye orodha, haifanyi kazi chinichini, haili data wala chaji, na haitumi arifa.

Kuhusu nafasi, naomba unielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Nakala ya kiwandani hubaki mahali pake hata ukiizima, na nafasi yake huwezi kuipata. Lakini kila sasisho huwekwa nje ya sehemu hiyo, katika hifadhi yako wewe, pamoja na data na kache yake, yaani mafaili ya muda. Kwangu mimi, kivinjari nisichokitumia kilikuwa kimekusanya megabaiti 310 kwa namna hiyo, kimyakimya. Fungua Mipangilio, nenda kwenye Programu, chagua unayotaka kuiondoa, bonyeza nukta tatu zilizo juu pembeni, ondoa masasisho, kisha bonyeza Zima.

Usiyoijua kazi yake usiiguse. Hasa huduma za Google Play ziache kama zilivyo, maana programu nyingine nyingi huzitegemea.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ila kwenye simu nyingine kitufe cha Zima huwa kimefifia na hakibonyezeki. Hapo utahitaji kompyuta, waya wa USB na ADB, zana ya kompyuta ya kuitumia simu amri. Katika ukurasa wa Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi zifunguke, washa utatuzi wa USB, unganisha simu, kisha andika:

adb shell pm uninstall --user 0

na kufuatiwa na jina kamili la kifurushi cha programu hiyo, yaani jina ambalo mfumo huitambua kwalo. Amri hii huiondoa kwa mtumiaji tu. Nakala ya kiwandani hubaki, na ukiirejesha simu katika hali ya kiwandani programu zote zitarudi. Kwa hiyo ukikosea, njia ya kurudi ipo, ingawa utapoteza data yako usipoihifadhi kwanza. Ondoa moja, tumia simu kwa siku nzima, ndipo uende kwenye inayofuata.

Jibu la tatu

Utashauriwa pia kuruti simu, yaani kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wake. Kwa hali yako ningekusihi usifanye hivyo, kwa kuwa programu nyingi za benki hukataa kufunguka kwenye simu iliyorutiwa, na wewe umesema unaihitaji.

Muulizaji

Asanteni sana. Nimeondoa masasisho na kuzima kivinjari, programu ya habari na michezo miwili, na nimepata megabaiti 740. Programu ya benki imesasishwa mara moja, na jana usiku simu haikulia hata kidogo. Mchezo wa tatu ndio wenye kitufe kilichofifia. Nitaazima kompyuta mwishoni mwa wiki nijaribu ile amri, baada ya kuhamishia picha zangu kwenye kadi ya kumbukumbu.