Naomba ushauri: amplifaya ya valvu au ya transista?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Mikindani, Mtwara. Marehemu mjomba aliniachia santuri za dansi na taarabu pamoja na amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za zamani zinazokuza sauti), ina valvu nne aina ya EL84, kama wati 15 kila upande. Ninayo pia ya transista ya wati 60.

Wiki nzima nimezisikiliza zote mbili kwa spika zilezile na santuri zilezile. Ya valvu ikishapata moto, mwimbaji anasogea mbele kabisa na tarumbeta haikwaruzi masikio. Jamani, ile sauti naipenda! Ila besi inalegea kama ngoma iliyonyeshewa. Ya transista besi inakaza, inapiga na kukoma papo hapo, lakini baada ya saa moja nachoka kusikiliza. Ukubwa wa sauti wa zote mbili nilisawazisha kwa kukadiria tu, na najua inayopiga juu kidogo huonekana nzuri zaidi, kwa hiyo huenda sikuitendea haki mojawapo.

Spika zangu ni za desibeli 87, yaani kiasi cha sauti zinachotoa kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Je, besi inalegea kwa sababu ya transfoma ya kutolea sauti (ile iliyo kati ya valvu na spika), au wati 15 hazitoshi? Fundi mmoja anasema kapasita zimezeeka zote. Kufungua mwenyewe siwezi, humo kuna volti 300 na kapasita hubaki na chaji hata ukichomoa plagi.

Halafu hii hewa ya chumvi ya baharini, soketi za valvu mnazisafishaje?