Copenhagen na lengo la 2025: walikwama wapi?

Mdau_Tabata
Wakuu, kila mada ya tabianchi hapa tunatajiwa Copenhagen. Mwaka 2012 walipitisha mpango kwamba ifikapo 2025 jiji lisiwe tena na mzigo wa hewa ukaa, yaani ile itakayobaki ifidiwe kwingine. Sasa nasikia walishabwaga manyanga. Ni kweli? Na ule mpango ulikuwa porojo tu? Mlioko Denmark tusaidieni.

FundiRejeta
Mkuu, niko huku, natunza majengo ya ghorofa upande wa Amager.

Ni kweli, Agosti 2022 jiji lilikiri kwamba 2025 haitafikiwa. Kilichokwamisha ni mtambo wa kuchoma taka wa Amager Bakke, ule wenye mteremko wa ski juu ya paa (ndiyo, watu wanateleza juu ya taka zao). Ndani ya taka mna plastiki, na plastiki asili yake ni mafuta ya petroli, hivyo moshi wake unahesabiwa. Walipanga kuinasa hewa ukaa kabla haijatoka kwenye dohani. Fedha za serikali walizozitegemea wakazikosa.

Porojo lakini hapana. Ukilinganisha na 2005, wameshuka zaidi ya nusu, na kilichowabeba ni mabomba. Karibu nyumba zote, kama asilimia 98, hazina mtambo wake wa joto. Maji ya moto yanatoka kwenye vituo vikubwa, yanapita chini ya barabara, yanaingia kwenye rejeta za ukutani zinazopasha vyumba joto. Kituo cha joto cha Amager (si ule mtambo wa taka) kilipoacha makaa ya mawe mwaka 2020 kikahamia vipande vya mbao, wapangaji wangu hawakununua hata skrubu.

Kazi yangu mimi ni kuhakikisha maji yanarudi yamepoa. Yakirudi bado ya moto, maana yake joto limepita bila kutumika, na bili ya jengo inapanda. Kwa hiyo baridi ikianza nazunguka kutoa hewa kwenye rejeta, kurekebisha valvu, na kumsihi bibi wa ghorofa ya nne asogeze kochi lake lisizibe rejeta.

Mama Nasra
Samahani kaka, hivyo vipande vya mbao si miti? Mbona sisi wa mkaa tunasemwa kila siku?

FundiRejeta
Dada umenibana pazuri. Sheria za Ulaya zinahesabu moshi wa mbao kuwa sifuri, kwa hoja kwamba mti utaota tena. Mimi hiyo hesabu hainiingii vizuri: kuungua ni dakika, kukua ni miaka mingi, na mbao nyingi zinaagizwa nje. Halafu kuna hili: moshi wa magari walipanga kuufidia kwa umeme wa upepo wanaouza nje ya jiji. Kwenye daftari unafutika, barabarani bado upo.

Mdau_Tabata
Sasa Dar tuige nini, na sisi hatuna baridi?

FundiRejeta
Achana na mabomba ya moto, angalia ya baridi. Tangu 2010 maji ya bahari yanasaidia kupooza maofisi na hoteli za karibu na Kongens Nytorv, uwanja wa katikati ya jiji, badala ya kila jengo kuwa na mashine yake. Bahari yenu ni ya uvuguvugu, kwa hiyo mashine zitahitajika tu. Ila mtambo mmoja mkubwa kwa majengo mengi pale Posta, ambako kila ukuta umejaa viyoyozi, ningeupigia hesabu. Na mabomba yalazwe kabla ya lami, kwa sababu kufukua barabara ndiko kunakokula hela.